Virusi vimelala, mwenyewe halali: kisa cha mkaushaji dagaa wa Ukerewe

Alikuja kuchukua dawa za VVU za miezi sita, na kadi yake haikuwa na doa. Wingi wa virusi ulikuwa chini ya kopi 50 kwa mililita ya damu, kama mwaka uliotangulia na mwaka kabla ya huo. Tarehe hakuwahi kukosa. Dawa ya kinga ya kifua kikuu alishamaliza siku nyingi. Mteja wa namna hii kliniki haina wasiwasi naye: anasalimiwa, anaulizwa maswali yale yale, anapewa makopo yake, foleni inasogea. Huyu alifika kwenye meza yangu kwa sababu aliomba dawa ya usingizi.

Ni mwanamke wa miaka 38, mkaushaji na mchuuzi wa dagaa katika kisiwa kimoja kidogo cha wilaya ya Ukerewe. Mimi ni mshauri kwenye kliniki ya tiba na matunzo, CTC kama kila mtu anavyoiita, jijini Mwanza. Kisa nimekiunganisha kutoka kwa wateja kadhaa wa visiwani wenye kazi moja na shida zinazofanana, asije mtu akanyooshewa kidole mwaloni, pale ufukweni vyombo vya uvuvi vinapofikia. Kisiwa sikitaji, wala kliniki.

Nilichotaka kujua ni hiki: kama vipimo vyote vinasema yuko vizuri, mbona anaishi vibaya? Nilikofika ni kwamba kilichokuwa kinamla si virusi tena, ni gharama ya kuyaficha matibabu yenyewe. Gharama hiyo ina sehemu nyingi, na nyingine zinapunguzika kwa kubadili vitu vidogo sana vya ratiba.

Saa tatu usiku

Aligundulika mwaka 2014, kliniki ya wajawazito. Wakati huo Tanzania ilikuwa imeshaanza kumpa dawa kila mjamzito mwenye VVU papo hapo na kumwendeleza nazo maisha yake yote, bila kusubiri CD4, chembe za kinga za mwili, zishuke. Mtoto alizaliwa salama, akafuatiliwa, na kipimo cha mwisho baada ya kuachishwa ziwa kikaonyesha hana maambukizi. Baba wa mtoto, mvuvi, alihamia kwa tajiri mwingine na hakurudi tena.

Dawa aliyoanza nayo ilikuwa na efavirenzi ndani yake. Waliowahi kuimeza wanaijua: kizunguzungu, ndoto za ajabu, asubuhi kichwa kizito. Ndiyo maana wateja waliambiwa wameze usiku wakienda kulala. Yeye akapewa saa tatu usiku, akaishika kama sala.

Kuanzia mwaka 2019 nchi ilihamia kidonge chenye dolutegraviri. Ni dawa bora: inashusha virusi haraka na madhara yake ni machache. Lakini baadhi ya watu inawanyima usingizi, hasa wakiimeza usiku. Alipohamishiwa dawa hiyo aliambiwa kwenye foleni kwamba dawa imebadilika, endelea kama kawaida. Akaendelea kama kawaida. Kwa miaka akawa anameza saa tatu usiku kidonge kinachomweka macho, halafu saa kumi alfajiri anatakiwa awe mwaloni.

Hapo lazima nieleze kidogo kuhusu dagaa. Vyombo vya dagaa vinatoka jioni vikiwa na taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Dagaa wanafuata mwanga, wanazungushiwa nyavu. Vyombo vinaanza kurudi alfajiri, na mama anayetaka mzigo mzuri lazima awepo na ndoo yake kabla chombo hakijagusa mchanga, maana aliyechelewa anapata mabaki yaliyokwisha kulainika, na hayo hata jua liwe kali yanaishia kuwa chakula cha kuku. Kwa hiyo kipindi cha giza, usiku usio na mbalamwezi, wanawake wengi wanalala palepale mwaloni kwenye mabanda, kumi au kumi na wawili pamoja, vichwa vimeelekea upande mmoja.

Saa tatu usiku, katikati ya wanawake kumi na wawili, unamezaje kidonge?

Alinionyesha. Anajifanya anakwenda kujisaidia. Kidonge kiko kwenye pindo la kanga, kimefungwa kwenye kipande cha nailoni, anakimeza kwa maji ya ziwa. Kopo halikuwahi kufika mwaloni. “Sista, lile kopo linapiga kelele kama kayamba,” aliniambia, na kweli, kila anayeishi na VVU anaujua mlio ule. Alikuwa anavitoa vidonge vyote siku ile ile anayofika nyumbani, anavigawa kwenye vifuko vidogo, kopo analichoma moto pamoja na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kilichomo ndani. Vidonge vya miezi sita vikakaa kwenye nailoni, ndani ya nyumba ya bati iliyo hatua chache kutoka ziwani. Kwamba virusi vyake vilibaki chini muda wote huo, mimi nasema ana bahati.

Mzigo wa kuzugia

Kisiwani kwake kuna zahanati, na ARV, dawa hizi za VVU, zipo. Ni mwendo wa mguu. Haitumii. Siku za dawa zinajulikana, benchi liko njiani kwa kila anayeshuka mwaloni, na mmoja wa wahudumu ni wifi wa jirani yake. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamkataza mtoa huduma kutoa siri ya mteja, lakini benchi halijui sheria. Ukikaa pale Jumanne asubuhi, umeshatangaza.

Faili lake basi liko Mwanza. Anapanda mtumbwi wa injini mpaka Nansio, kisha meli mpaka bandari ya Mwanza Kaskazini, kisha daladala. Analala gesti, anarudi. Ziwa likichafuka anaongeza siku.

Nilidhani hapo kinachouma ni nauli. Siyo. Kinachouma ni kwamba safari lazima iwe na sababu. Wenzake wanaambiwa anakwenda soko la Mwaloni Kirumba kusikilizia bei, na mtu aliyekwenda Kirumba harudi mikono mitupu. Kila safari ananunua kitu cha kuzugia: katoni ya sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, vitenge viwili vitatu. Ananunua kwa haraka, bila kupatana sana, akiwahi meli, na kisiwani wenye maduka wanauza vitu hivyo hivyo kwa bei inayokaribia ile aliyonunulia. Fedha ya mzigo huo aliitoa kwenye mkopo wa kausha damu, ule ambao mkopeshaji anapita mlangoni na daftari na hataki kusikia habari ya mvua. Tulipokaa na kalamu, mzigo wa kuzugia ulikuwa unamla zaidi ya nauli, gesti na chakula vikijumlishwa.

Fomu yetu ina mahali pa kuandika kama mteja amekosa dozi. Haina mahali pa kuandika katoni ya sabuni.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso la ubora wa maisha lililotengenezwa kwa ajili ya watu wanaoishi na VVU. Lile fupi lina maswali 31, na linagusa mwili, nafsi, uwezo wa kujitegemea, mahusiano, mazingira ya mtu na imani yake. Sikumjazisha. Nilitumia nyanja hizo sita kuongozea mazungumzo, na jambo moja likajitokeza mapema: kwake nyanja hazikai kila moja peke yake. Usingizi ni wa mwili, lakini umeharibika kwa sababu ya saa. Saa imeshikiliwa na woga. Woga umezaa safari, safari imezaa deni. Ukimpa dawa ya usingizi umegusa mwisho wa kamba tu.

Miezi sita, na benchi lililopotea

Zamani alikuja kila mwezi, baadaye kila baada ya miezi mitatu. Utaratibu wa kuwapa dawa za miezi sita wateja ambao virusi vyao vimetulia ulimpunguzia mno: safari mbili kwa mwaka, mizigo miwili ya kuzugia badala ya minne. Nilitegemea aseme hilo ndilo jambo jema kuliko yote tuliyowahi kumfanyia. Alisema ni jema, kisha akanyamaza, kisha akauliza habari za mama mmoja wa Sengerema.

Wakati wa miezi mitatu walikuwa watatu: yeye, huyo mama wa Sengerema, na mwingine wa Kayenze, wote wa dagaa. Tarehe zao zilikuwa zinaangukia siku moja. Walikaa benchi moja toka saa moja asubuhi mpaka saa sita, wakilalamikia foleni kama watu wote, na ndizo saa pekee katika robo nzima ya mwaka ambazo hakuwa anaficha kitu. Waliongea habari za dawa, za wanaume, za nani amemwambia mwanawe na amemwambiaje. Miezi sita ilipoingia, kila mmoja alipangiwa siku yake. Foleni ikapungua kweli, hata mimi nilifurahi. Yeye akabaki na watu wanaomjua mara mbili kwa mwaka, nao ni watumishi wenye haraka.

Kisiwani aliwahi kuwapo WAVIU mshauri, mtu anayeishi na VVU mwenyewe, aliyekuwa akipita kuwatembelea wenzake. Malipo yake madogo ya kujikimu yalitoka kwenye mradi wa wafadhili. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ziara hizo zilikatika. Dawa ziliendelea kupatikana. Mtu wa kuongea naye hakupatikana.

Kitaifa takwimu zinapendeza, na zina haki ya kupendeza. Utafiti wa viashiria wa 2022–2023 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wazima walio kwenye dawa, zaidi ya asilimia 94 virusi vyao vimefubazwa. Tangu mwaka 2016 wapo wataalamu wanaosema kwenye malengo yale matatu ya kupima, kutibu na kufubaza liongezwe la nne, ubora wa maisha. Mimi nakubaliana nao, ila sitaki liwe safu nyingine tu ya kujaza kwenye rejista.

Presha ya uongo, presha ya kweli

Ana mwenzi, mwendesha injini wa mtumbwi, wamekuwa pamoja miaka mitatu. Mwenzi hakuwa anajua. Kidonge alichokiona mara moja aliambiwa ni dawa ya presha.

Tulipompima presha ilikuwa 158 juu ya 96. Tukarudia baada ya kupumzika, haikushuka kwa maana. Kwa miaka alikuwa amejisingizia ugonjwa ambao kumbe upo. Alicheka mpaka akajifuta machozi, na mimi nikacheka naye, ingawa si jambo la kuchekesha: ARV anapewa bure, dawa ya presha ananunua.

Uzito nao una kisa chake. Tangu abadilishiwe dawa ameongezeka kutoka kilo 61 hadi 74. Dolutegraviri inahusishwa na kuongezeka uzito, wanawake zaidi. Lakini si dawa peke yake. Mwaloni mtu akikonda tayari kashapimwa kwa macho, kwa hiyo yeye alikuwa anakula kwa makusudi, ugali wa usiku, vitumbua vya asubuhi, ili mtu asimwangalie mara mbili. Wakamsifu, umenawiri mama. Magoti yakaanza kuuma kwa kubeba ndoo. Usimwambie mtu kama huyu apunguze uzito kabla hujamuuliza unene unamlinda dhidi ya nini.

Kuhusu mwenzi, kilichonishtua ni kwamba hakuwahi kuelezwa vizuri jambo muhimu kuliko yote. Mtu anayemeza dawa sawasawa, virusi vikashuka hadi kutoonekana na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Utafiti wa PARTNER, uliotoa matokeo yake mwaka 2016 na sehemu ya pili 2019, ulifuatilia wapenzi ambao mmoja ana VVU na dawa imefubaza virusi vyake. Hawakukuta ambukizo hata moja lililotoka kwa mwenzi huyo. Yeye kwa miaka mitatu alikuwa anamkimbia mwanaume wake kitandani, anaanzisha ugomvi ili walale mzungu wa nne, kwa kuamini kila mara anamweka hatarini. Alitaka mtoto wa pili na akajikatalia mwenyewe. Nilipomweleza aliniuliza mara mbili kama nina hakika, halafu akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Alishaambiwa kwamba virusi “havionekani”. Akaelewa kwamba mashine haikuviona safari ile.

Sheria hiyo hiyo ya 2008 inamtaka aliyejijua amweleze mwenzi wake. Nilimsomea. Sikumtisha nayo, maana mwanamke asiye na ardhi wala ndugu pale kisiwani, anayekaa kwenye nyumba ya mwanaume, akimwambia vibaya analala nje usiku huo huo. Tulipanga: atamweleza nani kwanza, atasema nini, atakwenda wapi kama mambo yakiharibika. Akamchagua dada yake wa Magu, kwa simu, akiwa bado ofisini kwangu. Dada alinyamaza kidogo, akasema alishahisi toka mtoto alipozaliwa, akauliza kama amekula.

Kwenye imani sikuwa na kazi. Anaimba kwaya, anafunga, anaomba, na hajawahi kufikiria kuacha dawa kwa ajili ya maombi. Waliokuwapo mwaka 2011 wakati watu wanafurika Loliondo kwenye kikombe cha babu wataelewa kwa nini huwa nauliza.

Tulichobadilisha

Kidonge kilihamia asubuhi, baada ya uji, wakati wenzake wako mchangani wanatandaza dagaa na yeye anarudi nyumbani kumwandaa mtoto shule. Ndani ya wiki chache usingizi ulirudi, bila dawa ya usingizi. Hapo palikuwa na mtego mmoja: alikuwa anatafuna Magnesium kwa ajili ya kiungulia, zile za kununua duka la dawa, na dawa za kiungulia za aina hiyo zinazuia dolutegraviri isifyonzwe vizuri mwilini. Tukakubaliana ARV itangulie saa mbili kabla yake, au ikae saa sita baada yake. Siku akipewa vidonge vya kuongeza damu aulize kwanza.

Vidonge vilirudi kwenye kopo lake. Kelele ziliisha kwa kusokomeza pamba juu mpaka kopo likashiba. Muuguzi mmoja alishangaa kwamba hilo nalo ni ushauri wa kitaalamu.

Kazi kubwa ilikuwa tarehe. Safari yake ya mwisho kabla ya mazungumzo haya iliangukia katikati ya giza, akapoteza siku nne za dagaa wazuri, na marejesho ya wiki hiyo yakamshinda. Mbalamwezi ikiwa kali vyombo vinalala, taa haifui dafu mbele ya mwezi, mabaharia wanashona nyavu na akina mama wanapumzika. Huo ndio wakati wa kusafiri, na hakuna anayeuliza unakwenda wapi, maana nusu ya kambi inasafiri. Tatizo ni kwamba kliniki inahesabu kwa kalenda ya ukutani. Miezi sita ya kalenda ni siku 181 hadi 184, mtu akianza safari kwenye mbalamwezi tarehe inateleza siku kadhaa kila mara, na ya pili au ya tatu inamtupa gizani. Mwezi wa angani ni siku 29 na nusu. Sita ni siku 177. Vidonge 180 vinamtoa mbalamwezi moja hadi ya sita mbele, na vitatu vinabaki kwa ajili ya upepo. Hesabu inakaa vizuri kana kwamba waliofungasha makopo walikuwa wavuvi.

Na kwa kuwa wale wenzake wawili nao ni wa dagaa, mbalamwezi moja inawatosha wote. Tumewaandikia siku moja. Mzigo wa kuzugia nao umekufa, kwa sababu safari ya mbalamwezi haihitaji maelezo. Ameanza kupunguza lile deni la daftari.

Wasiojua wataona kupanga tarehe kwa mwezi wa angani ni mambo ya waganga. Mwanza hii hii, miaka ya 1990, magonjwa ya zinaa yalipotibiwa vizuri zaidi kwenye vituo vya afya na zahanati za kawaida za vijijini, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takribani asilimia 40. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Hapakuwa na dawa mpya ya UKIMWI pale. Ni huduma iliyopangwa vizuri zaidi.

Yaliyobaki ni haya. Mwenzi ameambiwa, mwezi wa pili baada ya dada. Alikwenda na chombo kisiwa kingine, akakaa huko giza zima, akarudi bila kusema kitu. Analala nyumbani. Kitendanishi cha kujipimia VVU alichopelekewa hajakitumia, na mteja wangu hataki nimpigie simu bado. Presha imeshuka kiasi, ila mwezi mmoja aliruka dawa kwa kukosa fedha ya kununulia. Suala la mtoto wa pili ameliweka pembeni mpaka presha itulie, na hilo nakubaliana naye. Nimeomba kliniki iwapangie kwa siku 177 wateja wote wa dagaa wanaotaka. Mganga mfawidhi hana shida nalo. Mtu wa takwimu anataka kwanza kuhakikisha mfumo wa kompyuta hautawahesabu kama waliokuja kabla ya siku yao.